Kwa Kosa Gani?

Waraka wa Kwanza wa Petro hausifu mateso. Unauliza kwanza chanzo chake. Sura ya 4 inawaonya waumini wasije wakateswa kwa uuaji, wizi, uovu, au kwa kujitia katika mambo ya watu. Mdaku amekalishwa benchi moja na mwuaji; inaonekana mtume aliyajua makanisa kwa ndani. Hivyo mhubiri aliyeulizwa hesabu za sadaka, kisha akapanda madhabahuni kulia kwamba Injili inapigwa vita, aanze kwa kuleta risiti.

Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, alikuwa na jibu la kutoa kwa swali hilo la chanzo cha mateso. Usiku wa kuamkia 5 Februari 1977 askari walipekua nyumba yake wakitafuta silaha, wasipate kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kulalamikia upekuzi huo na mauaji ya raia. Barua ilikuwa ya adabu, na haikuficha neno. Hapo ndipo wengi wanampotosha Petro: kweli anaagiza mfalme aheshimiwe, lakini hasemi heshima ni kufumba mdomo. Tarehe 16 Luwum alikamatwa. Kesho yake redio ya taifa ikatangaza ajali ya gari, iliyowaua pia mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Jeneza lilipofika kijijini kwake Mucwini, waliolifungua waliona matundu ya risasi. Ajali za Kampala za miaka ile zilikuwa na tabia hiyo.

Sehemu ngumu ni sura ya 2, inayowataka watumwa wawavumilie hata mabwana wakali. Wake wanaopigwa wamesomewa sana maneno hayo, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kuguswa hata kofi. Petro alikuwa akimfariji mtu asiye na mahakama ya kukimbilia. Mwenye kituo cha polisi mtaa wa pili hajaagizwa abaki akipigwa.

Wala kukimbia si dhambi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa miongoni mwa walioandika ile barua, alivuka milima na mkewe hadi Rwanda baada ya Luwum kuuawa. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha kumsamehe Amin, kwa jina linalotamka kwamba anampenda. Alikiandika akiwa nje ya mipaka ya Uganda, na hakuna aya ya Petro inayomlaumu.