Kwa Nini Wengine Huacha Dawa?

Ninyi mlio madarasani hamkuuona Ukimwi wakati ule ulipoitwa "slim" hapa Uganda, kwa kuwa uliwakondesha watu mpaka wakafa. Siku hizo hapakuwa na dawa. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa bila malipo, na sasa wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Basi watu huniuliza, kwa kuwa kazi yangu ni kutoa dawa katika kituo cha afya: ikiwa dawa ni bure, mbona wengine huiacha? Nitajaribu kueleza.

Yafaa kwanza tujue kazi ya dawa hii. Haivimalizi virusi, bali huvizuia visizaane. Mtu akiishika sawasawa, virusi hupungua hata havionekani damu ikipimwa, wala hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Akimeza leo na kuacha kesho, virusi huzaana tena, na vingine huwa sugu, hata dawa ile isivifae kitu.

Sababu ya kwanza ya kuacha ni nafuu yenyewe. Dawa ya malaria tumezoea kuimeza siku 3, kisha basi. Mtu akirudiwa na nguvu, akalima shamba lake, hudhani amekwisha pona.

Ya pili ni umbali na umaskini. Dawa ni bure, lakini bodaboda si bure. Wavuvi wa visiwa vya Ssese huhama kufuata samaki, na kituo chao hakihami. Mwenye njaa naye huogopa kumeza kidonge tumbo likiwa tupu.

Ya tatu ni sifa mbaya ya dawa za zamani. Ile iitwayo stavudini iliwaletea wengi moto wa nyayo na kuwakausha mashavu. Imekwisha achwa, lakini hofu yake haijaisha vijijini.

Ya nne, nayo naiona kubwa kuliko zote, ni aibu. Mume humficha mke, na mke humficha mume. Wengine huvitoa vidonge katika kopo na kuvifunga katika karatasi, maana kopo hulia kama njuga mfukoni.

Na jambo hili limo mashuleni pia. Wako wanafunzi waliozaliwa na virusi, nao hulala bwenini kama ninyi. Kijana mmoja aliniambia kwamba alikuwa akimeza kidonge chake chooni, bila maji, na siku ambayo choo kilijaa watu hakumeza. Alipopimwa, virusi vilikuwa vimepanda. Kijana yule hakukosa akili wala dawa. Alikosa mahali pa faragha kwa dakika moja. Kwa ruhusa yake tulisema na matroni, akamwekea dawa katika kabati lake, na kila jioni huenda kwake "kunywa maji." Baada ya miezi michache virusi vilishuka.

Je, wanaoshika dawa wana nini? Nimeona mambo matatu. Wana mtu mmoja anayejua siri yao. Wana saa isiyobadilika, kama ile ya taarifa ya habari. Tena hawasumbuliwi na safari: wengine hupewa dawa za miezi 3 au 6, na wengine wamefanya vikundi kijijini, mmoja akaenda kuwachukulia wote kwa zamu. Chama cha TASO, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, kilifundisha mapema kwamba mgonjwa huhitaji watu wa kumsikiliza, si dawa peke yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tujiulize ni nani aliyemfanya afiche. Ni sisi tunaocheka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Ninyi wenzangu wa zamani, ambao baadhi yenu mmekuwa walimu wakuu, wekeni kabati lenye kufuli, na mpeni mwanafunzi ruhusa ya kwenda kituoni bila kumhoji mbele ya darasa. Nanyi vijana, mkimwona mwenzenu akimeza kidonge, msimwulize ni cha nini. Mpeni kikombe cha maji.