Bawabu na Daftari Lake: Jinsi Kiini cha Mfumo Endeshi Kinavyodhibiti Malango ya Tarakilishi

Utangulizi

Katika utamaduni wa Waswahili, mgeni haingii nyumbani kwa mtu kabla ya kupiga hodi na kuitikiwa. Hata akiukuta mlango u wazi, adabu humlazimu asimame kizingitini aingoje sauti ya mwenyeji. Tarakilishi nayo ina utaratibu wake wa hodi, ila mtumiaji wa kawaida hauoni. Kila waraka unapopelekwa kwenye printa, kuna programu iliyobisha na kuna aliyeitikia.

Makala haya yanadhamiria kueleza utaratibu huo: nani huitikia hodi ya programu, ruhusa huandikwa wapi, na ni madhara gani hutokea bawabu anapozembea. Mifano mingi imechukuliwa kutoka mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 alipokuwa mwanafunzi jijini Helsinki, Finland. Linux imeteuliwa kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Hoja kuu ni kwamba ulinzi wa malango si kazi ya mmoja. Ni kazi ya wawili: kiini cha mfumo kinachoandika sheria, na prosesa inayozitekeleza.

Dhana ya Lango

Prosesa ndiyo ubongo wa tarakilishi. Hata hivyo, ubongo huo hauna mikono. Ili uwasiliane na maunzi mengine kama vile kibodi, saa ya ndani au printa, huna budi kupitia anwani maalumu zenye nambari. Anwani hizo ndizo zinazoitwa malango katika makala haya. Wapo wanaopendelea kuziita bandari. Hata hivyo, bandari ni mahali pa kutia nanga na kupakua shehena, ilhali lango ni mahali pa kupita, na ndipo bawabu huwekwa. Kwa kuwa suala linalojadiliwa ni la kupita na kuzuiwa kupita, istilahi ya lango inaafiki zaidi.

Katika prosesa za ukoo wa Intel unaotumika katika tarakilishi nyingi za mezani, kuna malango 65,536, yaliyopewa nambari kuanzia 0 hadi 65,535. Mathalani, lango nambari 96 ni la kibodi. Malango 112 na 113 ni ya saa ya ndani. Na lango 888 lilizoeleka kutumiwa na printa za zamani. Prosesa ina aina mbili za amri zinazohusu malango: amri ya kusoma kilichomo langoni na amri ya kuandika langoni.

Ikumbukwe kwamba kifaa chenyewe hakimjui anayekiandikia. Kikipokea baiti, hutenda. Programu mbili zikiiandikia printa kwa wakati mmoja, herufi za waraka mmoja zitachanganyika na za mwingine kama mchele na chuya. Aidha, programu inayoweza kusoma lango la kibodi inaweza kunasa nywila ambayo mtumiaji ameikusudia programu nyingine. Kwa hivyo, swali la nani aruhusiwe kugusa lango si la kiufundi tu. Ni swali la amana na siri.

Enzi Isiyo na Bawabu

Prosesa ya Intel 8086, iliyotolewa mwaka wa 1978, haikuwa na namna yoyote ya kutofautisha mwenyeji na mgeni. Programu yoyote iliyoendeshwa ilikuwa na uwezo wote. Mfumo wa MS-DOS, uliotolewa mwaka wa 1981, ulijengwa juu ya msingi huo. Waundaji wa michezo waliipenda hali hiyo kwa kuwa waliweza kuyaandikia malango ya kadi za sauti na picha moja kwa moja, bila kumwomba mtu. Kasi ilipatikana, lakini kosa dogo la programu moja liliweza kuisimamisha tarakilishi nzima.

Hapa tunaona upungufu wa kwanza. Mfumo endeshi ungeweza kutunga sheria nzuri kiasi gani, lakini hapakuwa na wa kuzitekeleza.

Ngazi na Daftari

Mabadiliko yaliletwa na prosesa ya 80286 ya mwaka wa 1982. Prosesa hiyo ilileta ngazi nne za mamlaka, kuanzia 0 hadi 3. Ngazi ya 0 ndiyo yenye mamlaka makubwa zaidi, nayo hukaliwa na kiini cha mfumo endeshi. Ngazi ya 3 ni ya programu za kawaida. Katika mifumo mingi, ngazi mbili za kati huachwa bila mkazi. Prosesa huweka alama inayoonyesha ni ngazi ipi inayotosha kuyagusa malango. Kwa kawaida alama hiyo huwekwa 0, na hivyo ni kiini pekee kinachopita bila kuulizwa.

Mwaka wa 1985, prosesa ya 80386 iliongeza daftari la ruhusa. Katika daftari hilo kila lango lina biti yake moja. Biti ikiwa 0, programu inaruhusiwa kupita. Ikiwa 1, imezuiwa. Kwa kuwa malango ni 65,536 na baiti moja ina biti nane, daftari kamili huchukua baiti 8,192. Programu ikitaka kusoma malango manne yanayofuatana kwa amri moja, sharti biti zote nne ziwe 0. Moja tu ikikataa, ombi lote hukataliwa.

Programu isiyo na ruhusa inapojaribu kugusa lango, prosesa huikatiza papo hapo na kupiga kengele ya hitilafu nambari 13. Udhibiti hurejea kwa kiini, nacho ndicho hutoa hukumu. Katika Linux, hukumu ya kawaida ni kuitumia programu hiyo ishara ambayo huikomesha. Programu nyingine huendelea na kazi zake bila kujua kilichotokea.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kiini hakisimami langoni. Kingefanya hivyo, tarakilishi ingekuwa nzito mno. Kiini huandika daftari, kisha huondoka. Anayelisoma kila mara ni prosesa. Zamu ya programu moja inapokwisha na ya nyingine kuanza, kiini huhakikisha kwamba ruhusa za yule wa kwanza hazimfaidi wa pili.

Njia Mbili za Kupiga Hodi

Njia ya kwanza, ambayo hutumiwa na programu takribani zote, ni kutogusa lango kabisa. Programu hukiomba kiini kiifanye kazi kwa niaba yake. Ombi hupokelewa na kiendeshi cha kifaa, yaani sehemu ya kiini inayokijua kifaa husika. Kiendeshi hupanga maombi kwa zamu, hukagua kama mwombaji ana haki, kisha chenyewe ndicho huandika langoni.

Njia ya pili ni kuomba ufunguo. Linux ina wito uitwao ioperm, ambao kwao programu hutaja lango la kuanzia, idadi ya malango, na kama ruhusa itolewe au ifutwe. Kiini hukagua kama mwombaji ana mamlaka maalumu, ambayo kwa kawaida huwa ya msimamizi mkuu wa mfumo. Akiwa nayo, biti husika hubadilishwa kutoka 1 hadi 0. Kuna pia wito wa iopl, unaofungua malango yote kwa pamoja.

Hali kadhalika, si kila tarakilishi ina malango ya aina hii. Prosesa za ARM, ambazo zimo katika simu nyingi za mkononi, huvipa vifaa anwani katika eneo la kumbukumbu. Huko kiini huandika sheria zake katika majedwali ya kumbukumbu badala ya daftari la malango. Jina la daftari hubadilika, lakini mgawanyo wa kazi ni ule ule.

Bawabu Anapozembea: Kisa cha CIH

Mnamo Aprili 26, 1999, virusi viitwavyo CIH vilizuka katika tarakilishi za nchi mbalimbali. Vilikuwa vimeundwa na Chen Ing-hau, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Taiwan. Vilifuta data kwenye diski na, katika baadhi ya mashine, viliiharibu programu ya kuwashia iliyohifadhiwa katika kijisahani cha ubao mkuu. Mashine iliyopatwa na balaa hili la pili haikuwaka tena hadi kijisahani kilipoandikwa upya au kubadilishwa.

La kushangaza ni kwamba mashine hizo zilikuwa na prosesa zenye ngazi na madaftari. Udhaifu ulikuwa katika mifumo ya Windows 95 na Windows 98. Mifumo hiyo iliiacha wazi kwa programu za kawaida orodha ambayo prosesa huitumia kujua aende wapi panapotokea katizo. CIH ilijiandika katika orodha hiyo, ikajipandisha hadi ngazi ya 0, na kutoka hapo ikayatumia malango ya ubao mkuu kufungua njia ya kuandika kijisahani. Windows NT, iliyotolewa mwaka wa 1993, iliifunga orodha hiyo, na hila ya CIH haikufua dafu huko.

Huu ndio upungufu wa pili, na ni kinyume cha ule wa kwanza. Safari hii mtekelezaji alikuwepo. Aliyekosekana ni mwandishi makini wa sheria.

Kukazwa kwa Ulinzi

Funzo hilo halijasahaulika. Linux toleo la 5.4, la Novemba 2019, lilileta hali ya kufungia ambayo ikiwashwa, hata msimamizi mkuu hapewi ruhusa ya malango. Toleo la 5.5, la Januari 2020, liliurekebisha wito wa iopl. Awali, aliyepewa ruhusa hiyo alipandishiwa alama ya ngazi, na hivyo akapata pia uwezo wa kuzima makatizo ya prosesa, jambo lisilohusiana na malango hata kidogo. Tangu toleo hilo, kiini humfungulia malango kupitia daftari tu. Aliyeomba kupita hupewa njia ya kupita, wala hapewi nyumba nzima.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kiini hudhibiti malango kwa kuandika ruhusa, nayo prosesa huzilinda kwa kuzisoma kila amri inapotolewa. MS-DOS ilikosa prosesa ya kutekeleza; Windows 98 ilikosa sheria iliyokamilika. Katika hali zote mbili aliyeumia ni mwenye tarakilishi, ambaye hakuwahi kujua kwamba nyumba yake ilikuwa na malango mengi hivyo. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika tarakilishi, bawabu na daftari ndipo lango lilindwapo.