Mapenzi ya Mtu na Chombo Chake cha Kazi

Katika Sura ya Taha twasimuliwa jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyoulizwa na Mola wake ni kitu gani alichokishika katika mkono wake wa kulia. Swali lilikuwa fupi, na jibu la neno moja lingalitosha: fimbo. Lakini Musa hakuishia hapo. Alieleza kuwa ni fimbo yake, kwamba huiegemea, kwamba huwaangushia kondoo wake majani, na kwamba ana haja nyingine nayo. Maulamaa wa tafsiri wamesema mengi juu ya urefu wa jibu hilo, na wengi wameona kuwa ni ladha ya kuzungumza na Mola ndiyo iliyomfanya arefushe maneno. Nami sina elimu ya kuongeza juu ya kauli zao. Ila kila nifikapo hapo pamoja na wanafunzi wangu, humwona pia mchungaji aliyekaa na fimbo moja miaka mingi, akaujua uzito wake na kila fundo lake. Na amri iliyofuata baada ya jibu lile ilikuwa ni kuitupa chini.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya kitu ambacho wengi mtakicheka: kibodi, yaani ule ubao wa vitufe ambao mtu hubonyeza kwa vidole ili herufi zitokee katika kioo cha kompyuta. Hapa Bariadi chuo chetu kilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 2012, mwaka ule ule ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, kwa kumegwa sehemu yake kubwa kutoka Shinyanga, na Busega kutoka upande wa Mwanza. Mkoa ulikuwa mpya, lakini kompyuta yetu ilikuwa mtumba, na kibodi ilikuwa kuukuu zaidi kuliko kompyuta yenyewe. Ilikuwa nzito kama tofali, rangi yake ya maziwa imekwisha kugeuka kuwa njano, na waya wake ulikuwa na kichwa cha duara cha rangi ya zambarau, kama zilivyokuwa kibodi za siku zile kabla ya hivi vichwa bapa vya leo.

Kibodi nyingi zinazouzwa sasa zina utando wa raba chini ya vitufe. Ukibonyeza, raba hujikunja, na ikichoka kitufe huwa kizito au hukwama. Ile yetu kila kitufe kilikuwa na springi yake. Kidole kilipofika mwisho wake palikuwa na mlio, ta! na mkono ukajua kwamba herufi imeandikwa kabla jicho halijatazama. Mlio ule ulisikika mpaka uani. Mke wangu alikuwa akijua kwa kusikiliza tu kama kazi yangu inakwenda au imekwama.

Kwa muda wa miaka 12 na zaidi niliandikia hapo mitihani ya watoto, majina ya waliohitimu, ratiba za darsa za Ramadhani, barua za kuomba mabati na hotuba za Ijumaa. Herufi ya kwanza kufutika ilikuwa A, na sababu yake yafaa kuelezwa. Mpangilio huu wa herufi ulianzia Marekani, kwa Christopher Latham Sholes wa mji wa Milwaukee na wenzake, waliopata hati ya mashine yao ya kupiga chapa mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaanza kuziuza mashine hizo mwaka 1874. Watu hao walikuwa wakiandika Kiingereza, wala Kiswahili hakikuwamo katika fikira zao. Basi herufi A, ambayo sisi hatuwezi kuandika hata neno "salama" bila kuirudia mara tatu, iliangukia chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko vyote. Mwenye kuandika Kiswahili humtumikisha maskini huyo mchana kutwa.

Baadaye nilibandika juu ya vitufe karatasi ndogo ndogo za herufi za Kiarabu. Katika mpangilio wa Kiarabu uliozoeleka, kitufe cha A ndicho cha Shini, na cha H ndicho cha Alifu. Vile vitufe viwili vyenye vinundu, F na J, ambavyo huwekwa alama ili vidole vya shahada vipate mahali pa kukaa bila ya macho kutazama, ndivyo Ba na Ta. Nilipogundua jambo hilo nilicheka peke yangu, kwa kuwa mtoto anayeingia chuoni naye huanzia papo hapo. Nitoe na tahadhari kidogo: aya ya Kurani siiandiki kwa kukumbuka, naitazama msahafuni neno kwa neno, maana Ba na Ta zatofautiana kwa nukta tu, na kidole kilichozoea huteleza kwa wepesi.

Kipanya, kwa kusema kweli, sikupata kukipenda. Cha kwanza kabisa duniani kilitengenezwa huko California mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, nacho kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake. Hicho labda ningalikipenda. Vyangu vilikuwa vya plastiki, vyenye kitufe kama gololi tumboni, na vumbi la kiangazi la Bariadi liliwaingia wakakataa kwenda. Nikawa navibadilisha kama ndara.

Lakini kibodi sikuibadilisha. Kompyuta ya kwanza ilipokufa, ile iliyokuja haikuwa na tundu la duara. Niliagiza kiunganishi kutoka Mwanza, nikangoja wiki tatu, hali kibodi mpya ilikuwapo pale pale dukani kwa bei ndogo tu.

Kupenda chombo cha kazi si jambo geni, wala sidhani kuwa ni aibu. Mwalimu wangu aliyenifundisha Kurani alikuwa na kalamu ya tete aliyoichonga mwenyewe, na kalamu ya namna hiyo huchakaa kwa kufuata mlalo wa mkono wa mwenyewe, hata mwingine akiishika haimtii. Hakumwazima mtu. Na huku kwetu Usukumani, atakayetazama ngoma ya bugobogobo ataona wakulima wakicheza na majembe yao, wakiyazungusha na kuyarusha juu na kuyadaka, na atafahamu kuwa jembe kwao si chuma na mti tu. Hata Mtume wetu (S.A.W.), wanyama wake na silaha zake walijulikana kwa majina: ngamia wake Qaswaa, nyumbu wake Duldul, upanga wake Dhulfiqar. Alikuwa na ngamia aitwaye Adhbaa ambaye alikuwa hashindwi kwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Waislamu wakaona uchungu mkubwa. Mtume alipouona uchungu huo nyusoni mwao aliwafahamisha kuwa hakuna kitu cha dunia kinyanyukacho ila ni haki ya Mwenyezi Mungu kukishusha. Imam Bukhari ameipokea habari hii kwa Anas bin Malik, na huyo Anas tutarudi kwake.

Kosa langu basi halikuwa kupenda. Lilianza kidogo kidogo. Kwanza niliishonea kibodi kifuniko cha kitambaa. Kisha nikawakataza watoto kuigusa, halafu nikawakataza kuisogelea. Hata nikawa nikisimama kusali Dhuhuri, sikio langu moja liko chumba cha pili, lasikiliza kama kuna mkono uliofunua kile kitambaa. Nami nilikuwa nawasomesha watoto hao hao habari ya Mtume (S.A.W.), aliposali amevaa shuka yenye nakshi, macho yake yakapitia zile nakshi, na alipomaliza akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe ya Abu Jahm isiyokuwa na nakshi. Nilikuwa nawasomesha pia habari ya Abu Talha, Mwansari, aliyekuwa akisali katika shamba lake la mitende. Ndege akawa anaruka huku na huku hapati pa kutokea kwa jinsi matawi yalivyosongana, naye akapendezwa akamfuata kwa macho, hata hakujua amesali rakaa ngapi. Alilitoa shamba zima sadaka. Niliyasomesha haya vizuri, na watoto wakayajibu vizuri katika mtihani nilioupiga chapa kwa kibodi ile.

Rajabu ya mwaka jana, mtoto mmoja wa miaka tisa hivi aliingia chumbani mwangu baada ya darsa ya asubuhi. Alitaka kuliona jina lake likiandikwa. Mkononi alikuwa na kikombe cha uji. Mimi niliingia nikamkuta amekaa kitini, akashtuka, na uji wote ukamwagika juu ya vitufe.

Sitayaandika maneno niliyomwambia. Yatosha kusema kuwa niliyasema mbele ya wenzake, nikamtoa nje kwa mkono, na kuwa hayakustahiki kutoka katika kinywa kinachofundisha Kurani. Kisha nilichukua bisibisi. Nilikichomoa kitufe kimoja kimoja, nikaviosha vyote kwa maji ya vuguvugu, nikavianika juu ya sinia katika jua la kati ya mvua na mvua, nikakokoa uji uliokauka kwa njiti ya kibiriti na pamba, kitu ambacho hapa hatukikosi. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Siku tatu hizo mtoto hakuja chuoni, na kwa haki ya Mungu sikuuliza.

Aliyeuliza ni mke wangu. Aliniletea chai, akatazama sinia, akasema: "Mwalimu, kibodi umeiuguza siku tatu. Mtoto wa watu je?"

Usiku ule Anas bin Malik hakuniacha nilale. Alipelekwa kumtumikia Mtume (S.A.W.) naye ni mtoto wa miaka kumi hivi, akamtumikia muda wa miaka kama kumi, na alipokuwa mtu mzima alisimulia kuwa katika miaka yote hiyo hakupata kumsikia akimguna, wala kumwuliza kwa jambo alilolifanya kwa nini umelifanya. Mtoto wa miaka kumi katika nyumba ya watu! Hapana shaka alimwaga na alivunja.

Asubuhi nikafuata njia ya kuelekea Somanda mpaka kwa wazazi wa yule mtoto. Baba yake ni mkulima wa pamba, na ulikuwa wakati wa palizi. Nilimkuta chini ya mti anakaza mpini wa jembe lake. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa lugha yake, naye akaitika, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, nikasema nimekuja kuomba radhi, kwake na kwa mtoto. Alininyamazia kitambo. Kisha akanipa lile jembe nilishike. Mpini ulikuwa umelika mahali pawili, na mikono yangu haikuenea pale palipolika.

"Ustadhi," akasema, "jembe hili hata ndugu yangu wa tumbo moja simwazimi. Mwaka juzi huyu mtoto alilichukua akachimbie panya, akauvunja mpini. Nikamchapa. Mpini mpya nikautia siku ile ile, na msimu haukwisha ukawa umezoea mkono wangu. Lakini mtoto alinikwepa toka tunapanda mpaka pamba ikavunwa."

Akamwita. Mtoto akatoka nyuma ya ghala, akasimama mbali kidogo. Nikamwomba radhi mbele ya baba yake kwa maneno yaliyo wazi, maana nilimwaibisha mbele ya watu, haikunijuzia kumwomba radhi faraghani. Alitazama chini muda wote. Nilipokwisha aliniuliza jambo moja tu: "Herufi zote zimepona?"

Nikamwambia zote ila moja. Ni ile A, ambayo ni Shini kwa upande wa pili. Kofia yake ilipasuka nilipokuwa naichomoa, kwa hiyo aliyeivunja ni mimi wala si uji. Pamebaki kijiti tu, nacho chafanya kazi kwa anayejua kukibonyeza.

Alirudi chuoni Jumamosi, akakaa safu ya nyuma. Yalipita majuma mawili kabla hajasoma kwa sauti mbele yangu, na sikumhimiza.

Kibodi ile sasa iko juu ya meza katika chumba cha darsa, bila kifuniko. Kila Jumamosi baada ya Alasiri watoto huketi wawili wawili, mmoja anasoma maneno katika karatasi na mwingine anayaandika, na huo mlio hufika mpaka barabarani. Wiki ya kwanza nilikuwa nikisikia kitufe kikipigwa kwa nguvu nanyanyuka kitini, kisha nakaa tena. Kwa kile kijiti cha A wao wana vidole vyepesi kuliko changu.

Haya nimeyaandika kwa kibodi nyingine, nyembamba, ambayo kamati ya msikiti ilininunulia. Ni nzuri na haina kosa, ila bado napiga S nikitaka A. Tena haina mlio wowote, hata mke wangu ameniuliza mara mbili kutoka uani kama naandika au nimelala.