Mbwa Kizimbani

Katika nyumba nyingi za Marekani, kizimba cha waya hununuliwa hata kabla mtoto wa mbwa hajafika. Sweden mambo ni kinyume: sheria za ustawi wa wanyama hazimruhusu mtu kumfungia mbwa wake kizimbani nyumbani. Kizimba kinakubalika safarini, kwenye maonyesho na katika shughuli nyingine chache. Ufini nayo imebana vilevile. Mnyama ni yuleyule, hukumu mbili.

Wanaotetea kizimba hupenda kusema kwamba mbwa, kwa asili yake, ni mnyama wa pangoni. Hoja hiyo inavuja. Mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambaye ni wa ukoo mmoja na mbwa wa nyumbani, hutumia pango hasa jike anapozaa. Watoto wakifikisha wiki nane hadi kumi, familia huhama na kulala nje, iwe mvua iwe theluji. Jamaa yake wa mbali, mbwa mwitu mwenye mabaka wa Serengeti na Hifadhi ya Nyerere, hafanyi tofauti: jike hujisitiri katika shimo lililoachwa na muhanga au ngiri, kundi hulea watoto hapo kwa karibu miezi mitatu, kisha shimo hubaki tupu. Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi amtazame mbwa yeyote wa mtaani saa saba mchana. Amejinyoosha kivulini, na njia ya kukimbilia iko wazi mbele yake.

Hata hivyo, ndani ya hoja hiyo mna chembe ya ukweli. Kuanzia wiki ya tatu hivi, mtoto wa mbwa akishaweza kutambaa vizuri, huanza kusogea mbali na anapolala ili kujisaidia. Kizimba kinachomtosha barabara huitumia tabia hiyo kumfundisha usafi: hujizuia, mradi atolewe kwa wakati. Lakini kibofu chake hakina subira. Wakufunzi wengi hukadiria saa moja kwa kila mwezi wa umri, na kuongeza moja. Wa miezi mitatu, basi, asizidishe saa nne, na mchana ni vyema zipungue. Anayemfungia asubuhi na kurudi jioni humlazimisha alalie uchafu wake, na mtoto akishauzoea, kumfundisha upya ni kazi ngumu.

Ukubwa haukisiwi kwa macho. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kina kanuni inayofaa hata kwa asiyesafiri. Mbwa apimwe akiwa amesimama. Urefu wa kizimba ni urefu wake toka pua hadi shina la mkia, jumlisha nusu ya kimo cha kiwiko chake kutoka chini. Upana ni mara mbili ya mabega. Kwenda juu, kichwa na ncha za masikio zisiguse dari. Mbwa mwenye sentimita 80 toka pua hadi mkia, kiwiko kikiwa sentimita 36 kutoka ardhini, anahitaji kizimba cha sentimita 98. Wenye pua bapa, kama pug na bulldog, huongezewa asilimia 10, kwa kuwa hupumua kwa taabu.

Suala hilo la pumzi ndilo wanunuzi wa Mombasa na Dar es Salaam wangelianza nalo. Mbwa hana jasho la maana. Tezi chache zipo kwenye nyayo tu. Hujipoza kwa kuhema, maji yakigeuka mvuke kwenye ulimi na njia ya hewa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ile ya pwani mwezi Machi, mvuke huo hautoki kirahisi. Kizimba cha plastiki chenye vitundu vichache huhifadhi pumzi moto kandokando ya mbwa, na joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 na ushei, likivuka 41 maisha yake yamo hatarini. Kwa matumizi ya nyumbani pwani, waya ni bora, kivulini, maji yakiwemo. Plastiki ngumu ibaki kwa safari za ndege. Cha turubai ni chepesi, ila mtoto wa mbwa hukitafuna.

Kumzoeza ni kazi ya siku nyingi: chakula ndani, mlango wazi, kisha mlango kufungwa kwa dakika chache tu mtu akiwa karibu. Kamwe kisiwe cha adhabu. Ukosi uvuliwe, maana unaweza kunasa kwenye waya na kumnyonga. Mbwa anayepagawa akiachwa peke yake asifungiwe humo kabisa. Wapo wanaovunja meno na kucha wakipigania kutoka. Aliyezoeshwa vizuri hufaidi siku ya ajali, daktari anapoagiza mfupa uliovunjika utulizwe kwa wiki kadhaa.

Vipi basi kuhusu kile kibanda cha nyuma ya nyumba, ambamo mbwa wa ulinzi hufungiwa alfajiri na kutolewa usiku? Hicho hakina mafunzo yoyote ndani yake, ni kifungo. Asiye na mtu wa kumtoa mbwa mchana aache kununua kizimba, pesa hiyo aiweke kwenye uzio imara.