Bomba la maji likiganda kwa baridi: mpangaji afanye nini?

Kwetu maji ya bomba yakikatika, tunajua ni mgao au mtambo umeharibika. Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani ipo sababu nyingine: maji yanaweza kugeuka barafu ndani ya bomba. Familia nyingi za Kikongo zilizopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma leo ni wapangaji katika miji ya huko, na wengine hawakuwahi kuona barafu nje ya friza. Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa ninyi mnaozungumza nao kwa simu.

Tunachukua mfano wa jimbo la Texas, ambako Waafrika wengi wamehamia. Texas ni nchi ya joto, na nyumba nyingi zimejengwa bila kufikiria baridi kali. Mabomba hupita darini au kwenye kuta za nje, tena bila kufunikwa. Februari 2021 baridi isiyo ya kawaida iliingia. Tarehe 16, mjini Dallas, ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, vipasha joto vikazimika, mabomba yakaganda na kupasuka. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, na wengi wa marehemu waliuawa na baridi yenyewe.

Kwa nini bomba hupasuka?

Ukisahau chupa ya maji iliyojaa kwenye friza, utaikuta imepasuka. Maji yakiganda huongezeka ukubwa: lita 100 za maji hutoa barafu ya lita 109 hivi. Ndani ya bomba, barafu hiyo huyasukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye koki. Koki ikiwa imefungwa, maji hayana pa kwenda. Nguvu huzidi kupanda hadi bomba linaachia.

Ndiyo maana fundi hushauri koki iachwe ikidondosha maji kidogo usiku wa baridi kali, hasa ile ambayo bomba lake linapita kwenye ukuta wa nje. Matone hayo hupunguza ile nguvu. Atakayeona ni kupoteza maji akumbuke kwamba bomba lililopasuka humwaga maji mengi zaidi, na huharibu godoro, nguo na vyeti.

Kabla baridi haijafika

Jambo la kwanza ni kujua koki kuu ya nyumba iko wapi na inafungwaje. Mpangaji amuulize mwenye nyumba siku anayokabidhiwa ufunguo. Pili, asizime kipasha joto anapotoka, hata akisafiri. Shauri la kawaida ni kutokishusha chini ya nyuzi 13. Tatu, afungue milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye bomba.

Likishaganda

Dalili yake ni koki kutoa maji membamba sana au kutotoa kabisa, wakati nje kuna baridi kali. Kwanza angalia bomba kama lina ufa. Ukiuona, funga koki kuu mara moja na umpigie mwenye nyumba.

Kama hakuna ufa unaoonekana, acha koki wazi, kisha pasha bomba joto polepole. Tumia mashine ya kukaushia nywele, lakini usiishike ukiwa umesimama kwenye maji. Taulo zilizochovywa kwenye maji ya moto nazo zinafaa. Anzia karibu na koki ukielekea kwenye barafu, ili maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka. Usiende mbali na koki kuu: ufa mwingine hauonekani mpaka barafu iyeyuke, ndipo maji hufurika.

Usitumie moto wa aina yoyote kwenye bomba. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa mbao.

Jiko la mkaa ndani ya nyumba huua

Hapa tunasisitiza. Umeme ulipokatika Texas, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani au waliwasha jenereta na magari gereji ili wapate joto. Mamia walikimbizwa hospitali kwa hewa ya kaboni monoksidi, na wengine walikufa. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, na humkuta mtu usingizini. Onyo hili linatuhusu hata sisi: jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari ileile huko Makete au Limuru.

Nani analipa?

Sheria ya Texas humtaka mwenye nyumba atengeneze hitilafu inayohatarisha afya au usalama wa mpangaji wa kawaida. Lakini mpangaji awe ametoa taarifa, asiwe anadaiwa kodi, na hitilafu isiwe imetokana na yeye mwenyewe. Aliyezima kipasha joto akaenda safari anaweza kujikuta akidaiwa. Majimbo mengine yana sheria zake, hivyo mkataba usomwe, na asiyejua Kiingereza atafute wa kumsomea.

Simu peke yake haitoshi. Andika ujumbe, piga picha za uharibifu, tunza nakala zenye tarehe. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida bima ya mwenye nyumba hulinda jengo, wala hailipi vitu vya mpangaji. Vitu vyake huhitaji bima ya mpangaji mwenyewe.

Mkiongea na ndugu yenu msimu huu wa baridi, baada ya salamu muulizeni: koki kuu ya nyumba yako iko wapi? Akishindwa kujibu, mwambieni aitafute leo, kabla ya usiku.