Je, Wajua? Sangara Si Mwenyeji wa Ziwa Victoria

Je, wajua kwamba sangara, samaki aliyezipa Mwanza, Kisumu na Entebbe jina katika masoko ya dunia, hakuwamo kabisa ndani ya Ziwa Victoria miaka mia moja iliyopita? Kwao ni Mto Nile, Ziwa Albert, Ziwa Turkana, Ziwa Chad, na mito mikubwa kama Kongo na Niger. Nchini Uganda alipatikana chini ya maporomoko ya Murchison, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Maporomoko hayo yana kimo cha zaidi ya mita 40, na hakuna samaki wa kuyapanda. Aliyemvusha sangara ni binadamu.

Kazi hiyo ilianza kimyakimya mwaka 1954, upande wa Jinja. Mwaka 1960 sangara akaanza kunaswa na wavuvi waliokuwa hawajawahi kumwona, na mwaka 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi, Uganda na Kenya. Maofisa wa uvuvi wa wakati wa ukoloni waliwaona samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani kuwa takataka. Hoja yao ilikuwa kwamba ni afadhali wadogo hao waliwe na samaki mkubwa, kisha mkubwa huyo avuliwe na watu. Wengine walimtaka sangara kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana, maana akinaswa hupigana kweli.

Na hatuwezi kusema hawakuonywa. Michael Graham, aliyeongoza upimaji wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, aliandika katika ripoti yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa, isipokuwa utafiti wa kina utangulie. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer, aliyewafahamu vizuri samaki wa Afrika Mashariki, naye akachapisha makala ya kupinga mpango huo. Maonyo hayo yote yalikuwa kwenye maandishi, yamepigwa chapa, kabla sangara hajapandikizwa rasmi.

Je, wajua ukubwa wake? Sangara anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200. Huwinda kwa macho. Kinywa chake ni kipana, meno yake ni madogo kama msasa, hivyo hatafuni: anafungua kinywa ghafla, maji yanaingia kwa kishindo, na samaki aliye mbele anaingia nayo mzimamzima. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, yakaachwa yaelee majini bila mlezi.

Sasa mweke kando ya furu, mwenyeji wa ziwa. Furu wengi hawazidi urefu wa kiganja. Jike hutaga mayai machache, huyakusanya kinywani mwake, na huyatunza humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Siku hizo hali, au hula kidogo sana. Watoto wakishatoka hubaki karibu naye, na hatari ikitokea hufungua kinywa wakarudi ndani. Ni malezi ya ajabu na yanafaa sana dhidi ya maadui wa kawaida. Lakini anayeingia ziwani sasa ni adui anayemmeza mama pamoja na watoto waliomo kinywani mwake, na mashindano ya mayai kadhaa kwa mayai mamilioni hayawezi kwenda mbali.

Furu walikuwa wa ajabu kwa sababu nyingine. Yapata miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka, au lilikaribia kukauka kabisa. Maji yaliporudi, furu waliongezeka na kugawanyika hadi kufikia spishi zaidi ya 500, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Kwa wanasayansi wa mageuzi ya viumbe hakuna mfano mwingine wa haraka namna hiyo kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kila kundi lilikuwa na riziki yake. Kulikuwa na waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula matope na mabaki ya sakafuni, waliochuja vijidudu vya majini, waliowinda wadudu. Kulikuwa na waliopasua konokono kwa taya za pili, zilizo kooni, na wengine waliowashambulia majike na kuwanyang'anya watoto kutoka kinywani. Mmoja, mwekundu mgongoni akiwa dume, anayeishi kwenye miamba ya upande wa Mwanza, alipewa na watafiti waliomweleza mwaka 1985 jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Watafiti hao walitoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Walifika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu, wakikuta spishi mpya karibu kila walipotupa wavu. Muda si mrefu wakajikuta wanaandika habari za msiba. Kwa miaka mingi baada ya kupandikizwa, sangara walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafumuka. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wote wa samaki wa ziwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hawakufika hata asilimia 1 katika maeneo mengi yaliyopimwa. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka, nyingi kabla hazijapewa jina lolote la kisayansi. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kilichopotea bila kuandikwa hakiwezi hata kuhesabiwa sawasawa.

Si haki, hata hivyo, kumtwisha sangara mzigo wote. Ngege, samaki mtamu aliyekuwa akipendwa kuliko wote ziwani, alianza kupungua mapema, tangu nyavu za makila zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20 na wavuvi kuendelea kupunguza matundu yake kila walipopata kidogo. Sato, anayejaza sahani zetu leo, naye ni mgeni aliyeletwa miaka ya 1950 kufidia upungufu huo, akamsukuma ngege kando zaidi. Sangara alikuta mlango umeshafunguliwa.

Je, wajua kwamba samaki anaweza kubadilisha rangi ya maji? Mashamba yanayomomonyoka, misitu iliyokatwa na majitaka ya miji vilikuwa vikiingiza mbolea ziwani kwa miongo mingi. Mwani ulistawi. Furu waliokula mwani na mabaki walipomalizwa, sehemu kubwa ya kilichokuwa kikiliwa ikabaki, ikafa, ikazama, ikaoza. Kuoza hutumia oksijeni, na maji ya kina kirefu yakazidi kukosa hewa. Ukungu wa kijani ambao mwani uliutia majini ulileta balaa ambalo wengi hawakulitarajia. Furu jike humtambua dume wa spishi yake kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba mahali penye maji machafu rangi hazionekani vizuri, majike hukosea, na spishi mbili zilizotengana huanza kuchanganyika mpaka ziwe kitu kimoja. Kwa hiyo spishi inaweza kupotea bila hata samaki mmoja kuliwa.

Mabadiliko yalipanda mpaka nchi kavu. Furu ni mdogo na hana mafuta mengi. Ukimwanika juani anakauka, anawekwa akiba. Sangara ana mafuta mengi na minofu minene, jua halimtoshi. Lazima akaushwe kwa moshi au akaangwe, na moshi unataka kuni. Miti ya visiwani na kandokando ya mialo ililipa gharama hiyo.

Kisha vikaja viwanda vya minofu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 vilijengwa katika nchi zote tatu, na minofu ya sangara ikapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Ajira zilipatikana, nyumba zilijengwa, na mtu anayepuuza hilo haijui Mwanza. Lakini furu alikuwa mboga ya yule asiye na fedha, na wanawake wengi waliokuwa wakimnunua mwaloni na kumuuza akiwa mbichi au mkavu walijikuta hawana mtaji wa kushindana na gari la kiwanda. Kilichowabakia ni mapanki, ambayo Kisumu huitwa mgongo wazi: kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikilia mifupani baada ya kisu kupita pande zote mbili. Hukaangwa kwenye karai kubwa mpaka mifupa iwe mikavu, na huuzwa kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu. Ndani ya samaki huyohuyo mna bondo, kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea. Mabondo hukaushwa na kusafirishwa China kwa ajili ya supu, na kilo moja ya mabondo hushinda kwa mbali bei ya kilo ya minofu.

Nani alinusurika? Dagaa, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Huyu huzaa haraka, hukomaa akiwa mdogo, na siku hizi hukomaa akiwa mdogo kuliko zamani. Waliokuwa wakigombania naye chakula walipoondoka, yeye aliongezeka, na sasa kwa uzito anaongoza mavuno ya ziwa. Uduvi nao waliongezeka sana, na sangara wachanga wakageukia hao. Furu walipokwisha, sangara wakubwa waliwageukia watoto wao wenyewe.

Je, wajua kwamba migebuka wa Kigoma, mukeke wa Burundi, ni ndugu wa sangara? Wako katika jenasi moja. Ziwa Tanganyika lina ndugu wanne wa sangara, nao wameishi na samaki wengine wa huko kwa muda mrefu mno bila kuwafuta. Hata sangara mwenyewe, akiwa Turkana au Albert, anaishi na jirani zake. Windo lililokua pamoja na mwindaji limejifunza kumkwepa, kujificha na kuzaa kwa namna inayolifaa. Furu wa Victoria hawakupewa muda huo. Wala Ziwa Victoria si peke yake: samaki mla wenzake kutoka Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili wazungu wapate mchezo wa kuvua, na yule samaki mdogo aliyekuwa mwenyeji pekee wa ziwa lile hajaonekana tangu miaka ya 1960.

Kuna habari njema, nazo zisemwe kwa uangalifu. Sangara alipovuliwa kupita kiasi, kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kurudi. Waliorudi si walewale: spishi moja iliyochunguzwa upande wa Mwanza ilionekana na mashavu ya kupumulia makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye oksijeni haba, na ilikuwa imebadili chakula chake.

Wengine hawakuondoka kamwe, kwa sababu sangara ana udhaifu mmoja: hawezi kustahimili maji yasiyo na oksijeni ya kutosha. Kwenye kingo zenye mafunjo mazito, ambako maji hayatembei, furu na kamongo hupumua na yeye hawezi. Kandokando ya Ziwa Nabugabo nchini Uganda, ambako sangara naye alipandikizwa, samaki wa asili walijificha humo. Ziwa dogo la Kanyaboli, katika kinamasi cha Yala nchini Kenya, halina sangara, na humo bado wamo ngege pamoja na furu ambao katika ziwa kubwa hawaonekani tena. Sehemu ya kinamasi hicho imeshakaushwa na kugeuzwa mashamba. Kila mafunjo yanapofyekwa au kuchomwa moto maji hufunguka, upepo huyakoroga, oksijeni huingia, na mahali palipo na sangara, naye huingia.