Gel, Simba! Kituruki cha Kitaani Kihesa



Kihesa, hapa Iringa, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ni baridi ya kufa mtu. Ukungu umekaa juu ya mabati, masela wa boda wamejifunika mpaka puani. Ndani ya geti letu kuna sauti: "Otur!" Kimya. "Simba, otur!" Simba anakaa kitako juu ya majani yenye umande, macho kwangu. "Aferin!" Dagaa mmoja anaruka, anadakwa hewani. Popi hajaambiwa kitu, naye ameshakaa, anasubiri wake. Hilo ndilo darasa langu la Kituruki, dakika kumi kila siku kabla sijaingia kwenye mishe.

Mchongo wenyewe ni huu. Nataka kuomba Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki. Ukiula, wanakulipia ada, malazi, bima ya afya na tiketi ya ndege, unapewa na posho ya mwezi. Tena kabla ya kozi yenyewe unapigishwa Kituruki mwaka mzima. Kuomba ni bure, kwa hiyo mtu akikwambia tuma kwanza elfu hamsini ya fomu, huyo tapeli, mkaushie. Mimi nataka nikifika kule niwe na cha kuanzia. Ila kitaani kwetu sina mtu wa kupiga naye Kituruki. Tamthilia zao tunazicheki Azam kila siku, mastaa wao tunawajua kama majirani, lakini zimeshatiwa sauti ya Kiswahili. Sura tunazo, sauti zao halisi hatuzipati. Programu ya kwenye simu ilinipa maneno kibao, ila mdomo ukabaki mzito vilevile. Neno usilolitamka kwa sauti mbele ya kiumbe anayekusubiri halikai kichwani, hiyo nimeihakikisha.

Ndio nikawageukia Simba na Popi, mbwa wawili wa mama mwenye nyumba.

Cheki hii kitu. Mbwa wengi wa kibongo wanaamrishwa kwa Kiingereza. Mzee anayeongea Kihehe na wajukuu, Kiswahili sokoni, akimgeukia mbwa utasikia "kam hia!", "siti!". Mbwa mwenyewe kazaliwa hapahapa, hana shida na lugha yoyote. Kwa nini isiwe Kituruki?

Na hapa ndipo utamu ulipo, wanangu. Kwenye Kituruki, amri ya mtu mmoja ndiyo kitenzi kikiwa uchi kabisa. Gel ni njoo. Git, nenda. Otur, kaa. Dur, simama hapo. Yat, lala. Bekle, subiri. Getir, lete. Bırak, acha. Ukishazinyaka hizo nane umeshika mashina manane, na kila kitu kingine kinapachikwa nyuma yake. Sisi Waswahili tuko fiti kwa hilo, maana lugha yetu nayo inapachika, tofauti tu tunapachika zaidi mbele. Tunasema si-ta-kuja, Mturuki anasema gel-me-yeceğ-im: kuja, kukanusha, wakati ujao, mimi. Mabehewa ni yaleyale, injini imehamia upande wa pili. Mtu aliyekulia kwenye Kiingereza anahangaika sana na neno refu namna hiyo. Wewe mtoto wa Iringa ulishazoea "hawatatusumbua" tangu chekechea.

Raha zaidi ni wingi. Simba akiwa peke yake ni otur. Wakiwa wote wawili, oturun. Kaa, kaeni. Gel, gelin. Na hiyo gelin ukiikuta peke yake kwenye stori inaweza kuwa bibi harusi, kwa hiyo kaa macho.

Kukataza ndiko kulikonifundisha mpangilio wa irabu, kitu ambacho kwenye simu nilikiruka mara tatu. Kuna -me na kuna -ma, na anayeamua ni irabu ya mwisho ya shina. E na i zinavuta -me: gelme, gitme. A, o, u na ile ı isiyo na nukta zinavuta -ma: oturma, bırakma. Popi ana tabia ya kumbwekea kila muuza mboga anayepita, basi kila asubuhi napiga "havlama!", usibweke. Siku ya tano sikuwaza tena kanuni, ulimi ulienda wenyewe. Mkazo nao una kazi yake. Ukiubana kabla ya -ma, oturma ni usikae. Ukiupeleka mwishoni inageuka jina la kitendo, kukaa. Kwenye amri, kwa hiyo, sauti inapanda kwenye -tur- halafu inashuka.

Kigingi kikubwa kwetu kiko mwisho wa neno. Kiswahili kinapenda kufunga na irabu, ndiyo maana wiki ya kwanza nilikuwa natoa "geli" na "yati". Amri kwa mbwa inataka neno fupi linalokatika pap, na huko kukata ndiko kunakozoesha mdomo: gel, yat, dur. Herufi zenyewe si noma. Ç ni ch, ş ni sh, c ni j. Ö na ü ndizo za kukomaa nazo. Sema e au i huku midomo imeviringika kama unataka kupiga mluzi.

Kama nawe unataka kuanza, chunga mambo machache. Otur na dur zinafanana mkia, mbwa anazichanganya, kwa hiyo usizifundishe wiki moja. Ficha mikono nyuma wakati wa kujipima, maana mbwa anasoma mkono na uso kuliko neno. Na wewe fanya kile unachoamuru: ukisema otur, chuchumaa. James Asher, profesa wa Marekani, alilisimamia wazo hilo tangu miaka ya 1960: mwanafunzi aanze kwa kusikia amri na kuitikia kwa mwili, kuongea kutakuja. Wapo pia watafiti wa Budapest, akiwemo Laura Cuaya, waliowaweka mbwa 18 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwasikilizisha kisa kilekile kwa Kihispania na Kihangari. Matokeo ya 2022: ubongo wa mbwa unatofautisha lugha aliyoizoea na lugha ngeni. Simba hajui kama hiki ni Kituruki, ila anajua si kile Kiswahili cha mama mwenye nyumba.

Mbwa hakujibu, hilo nalikubali. Hatakuuliza habari za jana. Maneno kama kitap, saat, haber, dünya na sabun utayajua bila jasho, maana yametoka kwenye Kiarabu kama kitabu, saa, habari, dunia na sabuni zetu. Lakini kuyaunga kwenye maongezi kunataka binadamu. Mbwa anakupa mlango tu, na mlango ndio uliokuwa umenifungia.

Kingine kilichonigusa: mbwa wenye asili ya Uturuki walishafika mkoani kwetu. Vijiji vya jirani na Hifadhi ya Ruaha vina ugomvi wa siku nyingi na simba na fisi wanaokamata mifugo. Mradi wa Ruaha Carnivore, aliouanzisha Amy Dickman 2009, uliwajaribu kwa wafugaji wa huko mbwa wa Anatolia, majitu yenye ukoo wa wachunga kondoo wa Uturuki. Walitokea Namibia, ambako Cheetah Conservation Fund imekuwa ikiwagawia wafugaji mbwa hao tangu 1994. Mfugaji akiamka ng'ombe wake wapo, simba naye hauawi kwa hasira.

Mbwa wa kitaa hana bahati hiyo. Neno analolijua ni "toka!", na baada yake jiwe. Waturuki nao wana lao la kufukuzia, hoşt, na wana la kubembelezea, kuçu kuçu. Simba alipofika kwetu alikuwa akiona mkono umeinuka anakimbilia uvunguni. Sasa mkono ukiinuka anakaa, anasubiri neno.

Basi ukipita Kihesa, au popote ulipo, ukakutana na mbwa kachuchumaa pembeni ya njia, weka jiwe chini. Kama mwenyewe yupo na kasema kachanjwa, simama mbali kidogo, shusha mkono, mwambie taratibu: gel.